ALBERT SCHWEITZER, MUNGANGA ALIYESHIKA MAMBO MENGI



Sisi wa mwaka wa sita tunaulizwa swali moja kila siku, nyumbani na shuleni: kiisha hapa utasoma nini? Na ukijibu kwamba unapenda vitu viwili ao vitatu, mkubwa fulani atakukatia neno palepale: mshika mawili, moja humponyoka. Mimi mwenyewe nimeambiwa vile mara nyingi, juu ninapenda biolojia, tena ninapenda kwaya, tena ninapenda historia. Njo sababu nimechagua kuwaandikia maisha ya mtu moja aliyeshika, si mawili, lakini manne, na hakuyaacha mpaka uzee wake. Alikuwa munganga, mpiga kinanda, mwalimu wa teolojia na mwandishi wa filozofia. Ni Albert Schweitzer. Jina lake wengi tunalijua, lakini maisha yake tunayajua nusu nusu. Basi tuangalie kama methali ilimshinda ao yeye aliishinda methali.

UTOTO WAKE

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, inchi ya Alsace. Alsace iko mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Tangu mwaka 1871 ilikuwa mikononi mwa Wajerumani; leo ni ya Ufaransa. Neno hili tulishike, maana litamletea mateso baadaye. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Albert alipokuwa bado mtoto mchanga, jamaa ilihamia kijiji cha Günsbach, na pale akakomaa. Kanisa la kijiji kile lilikuwa moja kwa Wakatoliki na Waprotestanti: hawa wanaingia saa yao, na wale saa yao.

Alipokuwa na miaka mitano baba yake alianza kumfundisha piano. Kwa miaka minane alianza kinanda kikubwa cha kanisa, kile chenye mabomba ya upepo, ambacho kinapigwa kwa mikono na kwa miguu pia. Miguu yake ilikuwa mifupi, ilifika chini kwa shida. Kwa miaka tisa alikaa siku ya ibada mahali pa mpiga kinanda wa kijiji na kuongoza nyimbo.

Lakini msifikiri kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Alipotumwa shule ya mjini Mulhouse, kwa babu mdogo wa jamaa yake, alama zake za mwanzo zilikuwa mbaya sana. Mawazo yake yalikuwa yanatembea. Aliyemwokoa ni mwalimu moja. Mwalimu yule hakuwa mkali kupita wengine, lakini kila somo alilitayarisha vizuri mbele ya kuingia, na vitabu vya wanafunzi alivirudisha siku ile aliyosema. Kijana akaona kazi ile, akapata haya, akaanza kujifunza. Walimu wetu, mkisoma maneno haya mjue kwamba wanafunzi wanawaangalia.

Mambo mawili ya utoto yalimkaa rohoni. Siku moja alishindana mieleka na kijana wa kijiji mwenye nguvu kumpita, akamwangusha. Yule aliyeanguka akasema kwamba naye angekuwa na nguvu vile kama angekunywa mchuzi wa nyama mara mbili kwa juma sawa mtoto wa mchungaji. Tangu siku ile Albert aliona haya kwa chakula chake na kwa nguo zake nzuri. Alikataa koti la majira ya baridi kwa sababu watoto wengine hawakuwa nalo, hata baba yake akakasirika. Siku nyingine mwenzake alimchukua kuwinda ndege kwa manati. Walipokuwa wanavuta mpira, kengele za kanisa zikalia. Albert akatupa manati, akawafukuza ndege wapate kupona, na yeye akakimbia nyumbani. Mtoto yule wa manati njo baba wa mafundisho makubwa ya uzee wake, kama tutakavyoona.

MPANGO WA MIAKA THELATHINI

Mwaka 1893 aliingia chuo kikuu cha Strasbourg kusoma teolojia na filozofia pamoja. Tena alikuwa anakwenda Paris kujifunza kinanda kwa Charles-Marie Widor, mpiga kinanda mkubwa wa Ufaransa. Mwaka 1896, wakati wa Pentekoste, alikuwa Günsbach kwa likizo. Aliamka asubuhi, jua linawaka, ndege wanaimba, akajiuliza: heri hii yote ni ya nani, na nitailipa namna gani? Mbele ya kutoka kitandani akakata shauri. Mpaka miaka 30 atafanya elimu na muziki. Kiisha hapo, maisha yake yote yatakuwa ya kusaidia watu kwa mikono. Alikuwa na miaka 21, na hakujua bado ni kazi gani.

Ile miaka tisa aliifanyisha kazi ngumu. Mwaka 1899 alipata cheo cha daktari wa filozofia kwa kitabu juu ya Kant. Akawa mhubiri kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolasi mjini Strasbourg. Tangu mwaka 1902 alifundisha chuo kikuu, na mwaka 1903 akawekwa kuwa mkubwa wa nyumba ya wanafunzi wa teolojia. Mwaka 1905 alitoa kwa Kifaransa kitabu kikubwa juu ya Bach, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Na Wajerumani walipokitaka kwa lugha yao, hakukitafsiri, alikiandika upya mpaka kikawa karibu mara mbili. Mwaka 1906 akatoa kitabu juu ya maisha ya Yesu kilichoshtua mateolojia wengi, tena kijitabu juu ya namna ya kujenga vinanda.

Mwaka 1904, siku moja, alikuta juu ya meza yake gazeti la kijani la Chama cha Misioni cha Paris. Ndani yake kulikuwa habari ya mahitaji ya misioni ya Kongo. Si Kongo yetu: ilikuwa Kongo ya Wafaransa, na pahali penyewe ni Gabon. Waliandika kwamba watu wa kazi wanapunguka. Alipomaliza kusoma, alikuwa amepata kazi aliyoitafuta miaka minane. Tarehe 13 Oktoba 1905 alitia mu posta ya Paris barua kwa jamaa na marafiki: anaanza kusoma uganga, kwa miaka 30, apate kwenda Afrika.

Watu walishangaa. Widor, aliyempenda sana, alimgombeza kwamba anafanya sawa jemadari anayetaka kushika bunduki na kusimama mstari wa mbele. Wengine waliona kichwa chake kimeharibika. Yeye alijibu kwamba kwa miaka mingi amefanya kazi ya maneno tu, sasa anataka kazi ambayo mtu hana lazima ya kusema. Ndugu zangu, neno hili liliniingia. Wangapi kati yetu wanataka uganga juu ya koti jeupe na heshima? Yeye alikuwa na heshima tayari, akarudi kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi pamoja na vijana.

Alisoma uganga tangu 1905 mpaka mtihani wa mwisho wa 1911, na katika miaka ile hakuacha kuhubiri, wala kuandika, wala kinanda. Usingizi tu njo uliokosa nafasi. Feza ya mtihani wenyewe aliipata kwa kupiga kinanda mjini Munich. Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau, binti wa mwalimu mkubwa wa historia, ambaye naye alijifunza kazi ya kuuguza apate kwenda naye. Chama cha Misioni kilimwogopa kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Yesu. Alikubaliwa tu alipoahidi kwamba hatahubiri, ataganga. Tena alisema atajilipia yote mwenyewe. Aliomba marafiki, akapiga vinanda, akanunua dawa na vyombo, akajaza masanduku 70.

LAMBARÉNÉ

Waliacha Günsbach siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, wakafika Lambaréné tarehe 16 Aprili. Lambaréné iko kando ya mto mkubwa Ogooué, katikati ya pori, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Walikuta nyumba ya wagonjwa haijajengwa. Lakini wagonjwa hawakungoja nyumba, walikuja na mitumbwi yao. Munganga aliwaganga nje, juani. Mvua ilipowafukuza, akachukua kibanda cha kuku cha zamani, akapaka chokaa, akaweka kitanda: njo hospitali yake ya kwanza. Katika miezi tisa alitazama wagonjwa karibu 2000. Walikuwa na malaria, ukoma, ugonjwa wa usingizi, kuhara damu, vidonda vikubwa, na ngiri, ambayo ikijifunga inaua mtu kwa maumivu kama hakuna wa kupasua.

Hapa sharti nitaje mtu ambaye wengi wanamsahau, Joseph Azoawani. Alikuwa mpishi zamani. Alikuja kama mgonjwa, akabaki, akawa mkalimani na msaidizi wa kwanza wa hospitali. Juu alijifunza Kifaransa jikoni, alitaja viungo vya mwili kwa majina ya nyama ya sokoni: huyu anaumwa paja la kondoo, yule anaumwa mbavu za kukaanga. Tunaweza kucheka. Lakini bila Joseph, munganga yule mwenye vyeo vyote angesimama bubu mbele ya wagonjwa wake. Wakati wa vita feza ilipokosekana na mshahara wake ukapunguzwa, Joseph aliondoka. Alirudi baadaye kusaidia tena.

Chama cha Bach cha Paris kilimpa Schweitzer piano yenye kanyagio za miguu sawa kinanda, imefunikwa zinki ndani juu ya unyevu na mchwa. Ilisafirishwa kwa mtumbwi mkubwa mpaka pale. Kwanza aliwaza kwamba muziki wake umekwisha kufa, amemtolea Mungu kama sadaka. Kumbe usiku, kiisha kazi, alipata wakati wa kujifunza Bach polepole kupita zamani, hana haraka ya kumpendeza mtu. Na wamisionari wa pale walipomjua, walimfungulia mlango wa kuhubiri pia.

VITA

Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Yeye alikuwa raia wa Ujerumani katika inchi ya Wafaransa, basi askari waliwekwa mlangoni na akakatazwa kuganga. Kesho yake akaanza kuandika juu ya sababu za kuanguka kwa ustaarabu wa wazungu. Baadaye walimruhusu tena, kwa maana wagonjwa walikuwa wanalia. Septemba 1915 alikuwa safarini mtoni kwenda kumtazama mgonjwa. Kwa siku nyingi alikuwa anatafuta neno moja linaloweza kubeba mafundisho yote ya wema. Siku ya tatu, jua linashuka, chombo kinapita katikati ya kundi la viboko, neno likamjia: kuheshimu uhai. Alifundisha kwamba mimi ni uhai unaotaka kuishi, katikati ya uhai mwingine unaotaka kuishi. Kwa hiyo kulinda uhai ni wema, kuuharibu bila lazima ni ubaya. Yule mtoto wa manati alikuwa amepata jibu lake.

Mwaka 1917 yeye na Helene walipelekwa Ufaransa kama wafungwa. Mu kambi hakukuwa kinanda. Alichukua meza, akaiita kinanda, akapiga vidole juu ya mbao na miguu chini sakafuni, bila sauti, asipate kusahau. Walirudishwa Alsace mwaka 1918, wagonjwa, wenye madeni. Tarehe 14 Januari 1919, siku ya kuzaliwa kwake mwenyewe, binti yao Rhena alizaliwa.

Sasa mwangalie namna vitu vyake vinne vilivyosaidiana. Mwaka 1920 aliitwa Uswidi kufundisha filozofia. Aliifundisha, akapiga vinanda, akasimulia habari za Lambaréné, na feza ikalipa madeni. Mwaka 1921 akatoa kitabu juu ya maisha ya pale kando ya pori, kikasomwa mahali pengi. Vidole vya muziki vilinunua dawa, kalamu ikajenga nyumba.

KURUDI NA KUJENGA

Alirudi mwaka 1924, akakuta pori limemeza hospitali. Alijenga upya. Kiisha, njaa na kuhara damu vilipozidi na nafasi ikakosekana, alihamisha kila kitu kilometa tatu hivi juu ya mto. Tarehe 21 Januari 1927 wagonjwa wa kwanza waliingia pahali papya. Alipanda muhogo, ndizi na miti ya matunda. Hospitali ilikuwa sawa kijiji: mgonjwa anakuja na jamaa yake, jamaa inapika, mgonjwa haogopi. Nafikiri hapo aliona vizuri kupita wanganga wengi.

Mwaka 1928 mji wa Frankfurt ulimpa zawadi ya Goethe. Vita ya pili ilimkuta Lambaréné, akabaki pale tangu 1939 mpaka 1948. Alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, na feza yake aliijengea kijiji cha wakoma. Aprili 1957, kwa redio ya Oslo, aliomba mataifa yaache kujaribu mabomu ya atomu. Alikuwa na miaka 82. Alikufa Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, mwenye miaka 90, akazikwa pale kando ya mto, karibu na majivu ya Helene aliyekufa mwaka 1957.

ILE ILIYOMPONYOKA

Kama ningekomea hapa, ningewadanganya. Mtu mkubwa sharti asimuliwe mzima.

Kwanza jamaa yake. Helene alikuwa mgonjwa wa kifua, hakuweza kukaa sana katika joto lile. Miaka mingi aliishi Ulaya na mtoto, na Rhena alikomaa akimjua baba kwa barua. Baadaye Rhena alikuja mwenyewe kufanya kazi Lambaréné, na baba alipokufa yeye aliongoza hospitali. Lakini miaka ya utoto hairudi.

Pili, na hili linatugusa sisi. Schweitzer aliandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, lakini ndugu mdogo. Alitaka kuwa kaka mkubwa wa kuamuru. Tena uhuru wa inchi zetu aliutazama kwa mashaka. Hospitali ilizeeka pamoja naye. Wageni walilaumu uchafu na nyama wanaotembea katikati ya wagonjwa. Na katika miaka karibu hamsini hakuacha nyuma yake wanganga Waafrika aliowafundisha kushika kazi. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alimshtaki mbele ya watu juu ya neno lile la ndugu mdogo. Ni haki pia tuseme upande mwingine: Schweitzer aliandika kwamba mema wanayofanya wazungu Afrika si sadaka, ni deni, juu ya ubaya mwingi waliotutendea. Alijua deni. Hakujua kwamba mwenye kudai ni mtu mzima.

Mimi nimetafuta sababu, na nimeona moja. Mtu huyu alijifunza Kigiriki cha Agano Jipya, alijua Kijerumani na Kifaransa, alisoma hata mawazo ya Wahindi na Wachina, akaandika vitabu. Lakini na wagonjwa wa Ogooué alisema kwa mdomo wa wakalimani mpaka mwisho. Kati ya mambo yote aliyoyapenda, mawazo ya watu waliokaa mlangoni pake hayakupata nafasi kubwa. Njo ile iliyomponyoka.

MWISHO

Basi methali ilisema kweli? Nafikiri ilisema nusu. Mambo manne ya Schweitzer hayakugombana, kwa sababu aliyafunga kamba moja, na kamba ile ilikuwa kazi aliyoichagua asubuhi ya Pentekoste. Kuni moja moja zinaanguka mkononi, lakini furushi linabebeka. Mwanafunzi anayeambiwa achague kati ya kwaya na biolojia, ajiulize kwanza kamba yake ni ipi.

Na sisi tuko na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Kila moja wetu hapa anasema lugha ya nyumbani, na Kiswahili, na Kifaransa cha darasani. Kazi ya Joseph na kazi ya munganga, mtu moja kati yetu anaweza kuzifanya zote mbili. Hospitali ya Lambaréné iliendelea kiisha kifo chake. Mwaka 1981 majengo mapya yalifunguliwa karibu na yale ya zamani, na utafiti juu ya malaria umefanyika pale kwa miaka mingi, na Wagabon wenyewe ni kati ya wanaoufanya. Piano ilinyamaza, lakini kazi imepata wenyeji.

Wenzangu wa madarasa ya chini, msione haya kupenda mambo mengi. Oneni haya tu kusahau mtu aliye mlangoni.

Ni mimi mwenzenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita